BIMA YA MATIBABU: NAMNA YA KUINUNUA PASINA KUPUNJIKA

Maradhi ni katika mambo yasiyobisha hodi. Humfikia mvuvi naye yumo mashuani, humfikia mkulima naye yumo kondeni, na humfikia mama wa watoto naye yumo jikoni kwake. Na sisi watu wa visiwani tuna mzigo juu ya mzigo. Kwani zaidi ya gharama ya dawa iko gharama ya bahari. Mgonjwa wa Chundwa ambaye maradhi yake yameshinda uwezo wa hospitali ya Faza hana budi kupelekwa Lamu, katika hospitali ya King Fahd. Asipopata nafuu hapo, huvushwa hadi Mokowe, na kutoka Mokowe ni safari ndefu ya gari mpaka Mombasa. Tena chombo hakiendi ila kwa maji: maji yakitoka katika Mkanda, nahodha hungoja, walakini maumivu hayangoji.

Matokeo ya hayo hayafichiki. Nyumba iliyokuwa na mashua yauza mashua. Iliyokuwa na minazi yaweka minazi rehani. Mke atoa dhahabu yake, na mtoto atolewa chuoni. Mgonjwa hupona, na nyumba ikabaki mgonjwa kwa miaka.

Siku hizi watu wa bima wamekuwa wakifika mpaka huku kwetu na karatasi zao. Katika sisi wako wanaonunua kwa kuvutiwa na maneno matamu, wala hawajui wamenunua nini. Na wako wanaokataa kwa kulisikia jina tu, wala hawajui wamekataa nini. Makundi yote mawili yametenda bila ya ilimu. Kwa hivyo tumeona yatupasa kuifanya masala hii kuwa somo la leo, tuieleze kwa tafsili, ili mwenye kununua anunue kwa kujua, na mwenye kuacha aache kwa kujua.

BIMA NI KITU GANI

Asili ya bima ni jambo tunalolijua. Watu wengi hutoa kidogo kidogo wakakiweka pamoja, na anayepatwa na msiba hupewa kutokana na kile kilichowekwa. Katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwa ada yao ya kukusanya chakula chao mahali pamoja kila kilipopungua, kisha wakakigawanya kwa usawa. Na sisi wenyewe twachangiana katika harusi, katika maziko, na katika kumsafirisha mgonjwa.

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa mchango tunao, bima ya nini tena? Jawabu ni kuwa mchango wetu, pamoja na kheri iliyomo, una upungufu wa namna mbili. Kwanza, huanza baada ya msiba kutokea. Mgonjwa awa kitandani nasi twazunguka na daftari nyumba kwa nyumba. Pili, tunaochangiana sote twategemea bahari ile ile na mvua ile ile. Kusi likivuma, mashua zote hukaa pwani kwa pamoja. Basi siku ambayo mmoja hana, aghalabu na mwenziwe hana. Bima ya kweli huwakusanya watu wa kazi mbalimbali na miji mbalimbali, ili mmoja akipungukiwa awepo mwingine wa kumjazia. Na fedha zake huwekwa kabla ya msiba.

HUKUMU YAKE KWA UFUPI

Masala hii si ngeni kwa wanavyuoni. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliizungumzia bima ya vyombo vya baharini ambayo wafanya biashara wa wakati wake waliiita sukara, wala hakuiridhia. Mwaka 1965 mkutano wa pili wa Majma'i ya Utafiti wa Kiislamu ya Al-Azhar, Cairo, uliikubali bima ya kusaidiana na ile ya jamii inayosimamiwa na serikali. Mwezi wa Disemba 1985, Majma'i ya Fiqhi ya Kiislamu iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ilikata shauri mjini Jeddah kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa ya kuuharibu mkataba, na kwamba ya kushika mahali pake ni bima ya ushirikiano iliyosimama juu ya kujitolea. Wako wengine, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Sham, walioona kuwa hata hiyo ya biashara yafaa ikiwa haina riba ndani yake.

Gharari ni kuuziana kitu kisichojulikana kiasi chake wala mwisho wake. Twapenda msomaji alishike neno hili, kwani litamfaa hata katika hisabu ya dunia. Kila palipo na giza katika mkataba, ndipo mnunuzi anapopunjwa. Mwenye kuikimbia gharari kwa ajili ya dini yake amekwisha kuilinda na mfuko wake.

Bima ya ushirikiano ndiyo iitwayo takafuli. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na hapa Kenya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Katika takafuli, anachotoa mtu ni tabarrui, yaani sadaka yenye sharti ya kusaidiana. Kampuni huwa ni wakili tu wa kuuendesha mfuko, akapewa ujira wake. Na kinachobaki mwisho wa mwaka ni mali ya waliochanga, hurejeshwa kwao au huwekwa akiba kwa ajili yao.

Walakini jina la Kiarabu si dhamana. Mwenye kuuza takafuli na aulizwe mambo matatu: Ujira wa uwakili ni shilingi ngapi katika kila mia? Kilichobaki mwaka uliopita kilikwenda wapi? Na ni akina nani wanavyuoni wanaoisimamia? Akishindwa kujibu, basi yeye na muuza bima mwingine ni sawa.

ANZA NA ILE YA SERIKALI

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kununua kitu ambacho tayari anacho. Tangu mwaka 1966 Kenya ilikuwa na mfuko wa bima ya hospitali uliojulikana kwa herufi za NHIF. Mfuko huo umekwisha. Tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, kwa sharia iliyopitishwa mwaka 2023. Mwenye mshahara hukatwa 2.75 kwa kila mia ya mshahara wake. Asiyekuwa na mshahara, kama mvuvi na mkulima, hali ya nyumba yake hukadiriwa kwa maswali, naye hulipa kiasi hicho hicho cha pato lililokadiriwa. Lakini halipi chini ya Sh 300 kwa mwezi, yaani Sh 3,600 kwa mwaka, na sharia yataka alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Malipo hayo ni ya nyumba: mume, mke na watoto wao wanaowategemea.

Kujiandikisha ni lazima kwa kila mkazi wa Kenya. Mwenye kujiandikisha ana haki ya matibabu ya kwanza katika zahanati na vituo vya afya vilivyofunga mkataba na Mamlaka, na gharama yake hutoka katika mfuko wa Serikali, hata kama hajatoa mchango wa mwaka. Ama kulazwa, kupasuliwa na maradhi makubwa, hayo hutaka mchango uwe umelipwa.

Basi ewe ndugu msomaji, jiandikishe kwanza, lipa kwanza, kisha uiulize hospitali unayoitumia: Katika bima hii, mwalipa nini na hamlipi nini? Kile kisicholipwa ndicho cha kutafutia bima ya kampuni. Mwenye kununua bima ya kampuni bila ya kujua alicho nacho ni kama mtu anunuaye tanga la pili na hali chombo chake hakina nanga.

JIKINGE NA KUBWA, DOGO LILIPE MWENYEWE

Hii ndiyo kanuni ya somo letu; mwenye kuihifadhi hii peke yake hakutoka mikono mitupu.

Bima ina sehemu mbili kubwa: ya kulazwa, na ya kutibiwa na kurudi nyumbani. Watu wetu huipenda hii ya pili, kwa kuwa wataiona faida yake kila mwezi. Na hapo ndipo penye khasara. Jambo linalotokea mara nyingi kampuni yalijua kuwa litatokea. Kwa hivyo hukutoza gharama yake yote, ikaongeza juu yake malipo ya watumishi wake na faida yake.

Tuchukue mfano. Nyumba ya watu watano huenda kwa daktari mara 10 kwa mwaka, na kila mara hutumia Sh 1,200. Jumla ni Sh 12,000. Ikiwa kampuni yataka Sh 25,000 kwa sehemu hiyo, nyumba imetupa Sh 13,000. Fedha hizo zingaliwekwa katika sehemu ya kulazwa, kikomo chake kingalipanda. Walakini nyumba yenye mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu, ambaye dawa zake ni Sh 4,000 kwa mwezi, hutumia Sh 48,000 kwa mwaka. Huyo, kampuni ikikubali kwa maandishi kumlipia dawa hizo, Sh 25,000 kwake ni biashara njema. Kwa hivyo hapana jawabu moja kwa watu wote. Kila mtu na aandike matumizi yake ya mwaka mmoja, kisha ndipo apime. Wazee wetu wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MFANO WA KUPIMA BIMA MBILI

Twaleta hisabu hii ili msomaji aone namna ya kupima. Bei hizi tumeziweka wenyewe kwa ajili ya darasa, wala si za kampuni yo yote.

Bima ya kwanza yauzwa Sh 18,000 kwa mwaka. Kikomo cha kulazwa ni Sh 500,000, lakini mgonjwa hulipa mwenyewe 20 kwa kila mia ya hisabu ya hospitali, wala usafiri haumo.

Bima ya pili yauzwa Sh 27,000 kwa mwaka. Kikomo ni Sh 300,000. Mgonjwa halipi cho chote ndani ya kikomo hicho, na usafiri umo mpaka Sh 30,000.

Mwaka wa siha, aliyenunua ya kwanza amebakisha Sh 9,000, naye atamcheka mwenziwe.

Mwaka wa maradhi ya kadiri, tuseme hospitali yataka Sh 150,000 na safari ya kumfikisha mgonjwa Mombasa ni Sh 25,000. Mwenye bima ya kwanza atatoa Sh 30,000 za hospitali, na Sh 25,000 za safari, na Sh 18,000 alizolipia bima. Jumla ni Sh 73,000. Mwenye ya pili ametoa Sh 27,000 tu. Tofauti ni Sh 46,000. Yaani kicheko cha Sh 9,000 kwa mwaka chataka miaka zaidi ya mitano ndipo kiifidie siku hii moja.

Mwaka wa maradhi makubwa, hospitali yataka Sh 600,000, na safari ni ile ile. Mwenye ya kwanza atatoa Sh 120,000, na Sh 25,000, na Sh 18,000. Jumla Sh 163,000. Mwenye ya pili atalipiwa Sh 300,000 za kikomo chake, zilizobaki Sh 300,000 ni zake, na Sh 27,000 za bima. Jumla Sh 327,000. Hapo mambo yamegeuka, na ya kwanza ndiyo iliyomfaa mtu.

Somo ni nini? Kwanza, ada ndogo si dalili ya urahisi, wala ada kubwa si dalili ya ubora. Pili, kila bima ipimwe kwa siku tatu: siku ya siha, siku ya maradhi ya kadiri, na siku ya msiba mkubwa. Tatu, mtu ajiulize ni khasara ipi itakayomvunja. Mwenye akiba ya Sh 100,000 aweza kuistahimili siku ya kati, basi na atafute kikomo kirefu. Asiyekuwa na akiba hata kidogo hawezi kungoja msiba mkubwa. Sh 55,000 za hospitali na safari zatosha kumwuzisha mashua.

MASHARTI YANAYOFICHWA NDANI YA MAANDISHI

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya kuandikiana deni, iliyo katika Sura ya Al-Baqara. Ndani yake imo amri ya kuandika dogo na kubwa, na imo hukumu ya asiyeweza kuyatamka maneno ya mkataba, kuwa msimamizi wake amtamkie kwa uadilifu. Hati za bima zilizo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyeijua lugha hiyo asitie saini mpaka amsomee mtu amwaminiye, neno kwa neno, wala mtu huyo asiwe ndiye muuzaji. Na ayatafute haya:

1. Muda wa kungojea. Ajali aghalabu hulipwa tangu siku ya kwanza. Maradhi ya kawaida huenda yakangoja siku 30. Uzazi aghalabu hungoja miezi 10 au 12. Na maradhi aliyokuja nayo mtu hungoja mwaka au zaidi, au hayalipwi kabisa. Mwenye kununua bima mkewe akiwa na mimba ya miezi sita, kwa ajili ya mimba hiyo amenunua karatasi.

2. Vikomo vidogo ndani ya kikomo kikubwa. Hati yaweza kuandika Sh 500,000 kwa herufi nene, kisha ikaandika kwa herufi nyembamba kuwa uzazi ni Sh 60,000, au maradhi ya kudumu ni Sh 100,000. Kwa mwenye maradhi hayo, hicho kidogo ndicho kikomo chake.

3. Kikomo ni cha nani? Cha kila mtu, au cha nyumba nzima? Sh 300,000 za watu sita zikitumiwa na mmoja, watano wamebaki bila ya kitu.

4. Hospitali zipi? Bima yenye hospitali nzuri za Nairobi pekee haimfai mgonjwa wa Chundwa usiku wa manane. Uliza majina: Lamu ni ipi, Malindi ni ipi, Mombasa ni ipi? Kisha ipigie simu hospitali yenyewe, uulize kama bado waikubali bima hiyo, kwani orodha hubadilika.

5. Usafiri. Hili kwetu ni roho ya jambo. Yaweza kuandikwa kuwa mgonjwa atasafirishwa kwa gari. Sisi hatuna gari lipitalo juu ya maji. Uliza kwa maandishi: Je, mashua yalipwa? Je, ndege kutoka Manda yalipwa, na ni nani mwenye kutoa idhini? Kama haimo, basi jua kuwa iko huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, iliyoanza mwaka 1957, ambayo huuza uanachama wa mwaka kwa ajili ya kusafirishwa kwa ndege wakati wa dharura. Linganisha bei ya hicho na cha kampuni.

6. Umri na watu wa nyumba. Kampuni nyingi hazimpokei mtu mpya aliyepita miaka 60 au 65. Uliza kuhusu wazee wako. Mwenye wake wawili na aulize kama mke wa pili amo, asidhani tu.

7. Kuhuisha. Mwaka wa pili ada yaweza kupanda. Uliza kama kampuni yaweza kukukataa kwa sababu uliugua mwaka wa kwanza. Tena usiache siku ipite. Ukichelewa, huenda muda wa kungojea ukaanza upya.

8. Nyongeza juu ya ada. Bei atakayokutajia muuzaji huenda si ya mwisho. Huongezwa ushuru wa mafunzo wa 0.2 kwa kila mia, na wa mfuko wa kuwafidia wenye bima wa 0.25 kwa kila mia, na stempu ya Sh 40. Ni kidogo, lakini linganisha bei za mwisho kwa bei za mwisho. Na mwenye kukatwa kodi ya mshahara asisahau kudai punguzo la sharia, nalo ni 15 kwa kila mia ya ada aliyolipa, lisilopita Sh 60,000 kwa mwaka.

UKWELI WA MNUNUZI

Tumemtaka muuzaji awe mkweli. Na mnunuzi naye yampasa vile vile. Katika fomu huulizwa: Una sukari? Una shinikizo la damu? Umewahi kupasuliwa? Muuzaji mwenye pupa ya ujira wake huenda akakwambia: Andika hapana, yataisha tu. Usimtii. Kwanza ni uwongo, na uwongo ni haramu hata ukiandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine. Pili, siku utakapolazwa kampuni itafukua khabari zako za hospitali, na ikiona umeficha, ina haki ya kukataa kulipa. Utakuwa umepoteza dini, na ada, na matibabu. Anayesema kweli hutozwa zaidi au hungojeshwa. Lakini alicho nacho ni chake kweli.

KAMPUNI NA MUUZAJI WAKE

Kampuni za bima hapa Kenya, na mawakala wao, hupewa leseni na Mamlaka ya Kusimamia Bima, ijulikanayo kwa herufi za IRA, na orodha yao hutangazwa. Usinunue kwa asiyekuwamo. Walakini leseni nayo si mwisho wa uchunguzi. Mwezi wa Aprili 2022 kampuni ya Resolution, iliyojulikana sana kwa bima ya matibabu, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisharia kwa kushindwa kutimiza wajibu wake wa fedha, na wenye hati zake wakahitaji kutafuta kinga pengine. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, waulize wahasibu wa hospitali mbili tatu: Kampuni hii yawalipa kwa wakati? Hao ndio wajuzi, kwani wao ndio wanaodai. Kampuni inayochelewesha malipo, hospitali huanza kuwakataa wagonjwa wake.

Ama fedha, ilipe kampuni yenyewe, upate risiti yenye jina lake. Sharia ya bima ya Kenya yasema kuwa kampuni haichukui dhamana mpaka ada iwe imelipwa. Basi fedha zilizokaa katika mfuko wa muuzaji hazimkingi mtu. Na ukidhulumiwa, iandikie kampuni kwanza, uweke nakala; usipopata jawabu, ipelekee IRA mashtaka yako pamoja na nakala hizo.

NUNUENI KWA JAMAA

Mtu mmoja akienda peke yake kununua bima, kampuni humshuku: pengine ameona dalili ya maradhi ndipo akaja. Kwa khofu hiyo humpandishia ada na kumrefushia muda wa kungojea. Wakija watu 50 kwa pamoja, wazima na wagonjwa, vijana na wazee, khofu hiyo hupungua. Kwa hivyo ada ya kila mmoja aghalabu hushuka, na masharti ya maradhi ya zamani hulegezwa. Wavuvi wetu wana vyama vyao, akina mama wana vikundi vyao, walimu wana chama chao cha akiba, na misikiti ina jamaa zake. Mbona makundi haya hukutana kwa ajili ya harusi na maziko tu? Chama cha Chundwa kikiungana na cha Kizingitini, na cha Mbwajumwa, na cha Siyu, kikaandika barua moja kwa kampuni tatu kutaka bei, jawabu litakuwa si lile apewalo mtu mmoja. Tena jamaa yaweza kutaka sharti la mashua liandikwe ndani ya mkataba, jambo ambalo mtu mmoja hasikilizwi.

WAKATI WA KULIPA

Jambo la mwisho ni majira. Fedha ya mvuvi huja katika kaskazi, na hukauka katika kusi. Mwenye kuianza bima yake mwezi wa Juni ataidaiwa kila Juni, mwezi ambao bahari imechafuka na jungu ni tupu. Naye ataiacha ikatike, khasara ya alivyolipa nyuma na ya muda wa kungojea upya. Basi anzeni mwezi wa Januari au Februari, na kila juma la uvuvi mzuri weka kando kidogo. Sh 27,000 zikigawanywa kwa majuma 20 ya kaskazi ni Sh 1,350 kwa juma. Vile vile ifanyeni ada ya SHA: Sh 3,600 kwa majuma 20 ni Sh 180.

Wako watakaosema kuwa kufanya hivi ni upungufu wa tawakkali. Twawajibu kuwa mabedui alipomwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, aliamrishwa amfunge kisha ategemee. Nahodha atiaye nanga hajamkanusha Mola wake. Shifaa ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Ama mashua ya watoto kuuzwa kwa kukosa hisabu, hilo ni letu sisi.

MASWALI YA DARASANI

1. Nyumba yako ilitumia shilingi ngapi mwaka jana kwa matibabu na kwa usafiri wa mgonjwa? Andika kila kimoja mbali.
2. Katika bima mbili za mfano wetu, ipi yakufaa wewe, na kwa sababu gani?
3. Nini tofauti ya mchango wetu wa kawaida na takafuli?
4. Ni kundi gani katika mji wetu laweza kuwa la kwanza kuandika barua ya kutaka bei, na ni nani wataichukua kazi hiyo?

Swali la nne si la kujibiwa kwa mdomo. Darasa lijalo twataraji kuyaona majina.

Wabillahi tawfiqi.